Kufundisha Toba na Imani kwa Wanafunzi wa Umisheni: Mwongozo Kamili kwa Walimu wa Mombasa

Mwanafunzi wa umisheni hufika chuoni na majibu tayari. Muulize toba ni nini, atakwambia ni kugeuka na kuacha dhambi. Muulize imani, atakukariria Waebrania 11:1 bila kumeza mate. Sasa mtoe darasani, mkalishe kwenye kigoda kando ya mama anayepima maharagwe soko la Kongowea, umwambie amweleze mama huyo atubu nini na amwamini nani. Hapo maneno humkauka, au hugeuka mahubiri ya kipaza sauti: okoka leo, kesho si yako.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyepangiwa somo la toba na imani, mwenye vipindi kama kumi vya darasani na Jumamosi moja ya kutoka nje. Msimamo wangu ni huu: usifundishe toba bila kutaja jambo linaloachwa, wala imani bila kumtaja anayeaminiwa, na zote mbili zisiachane hata kipindi kimoja. Toba ikibaki peke yake huzaa hofu na deni lisilolipika. Imani ikibaki peke yake huzaa watu wa "panda mbegu", yaani toa sadaka ili ubarikiwe mali, wanaomdai Mungu gari na kiwanja huku wao wenyewe hawajioni kudaiwa lolote. Hapa Pwani tumeshaona aina zote mbili.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufundisha

Siku ya kwanza usihubiri. Gawa karatasi, kila mtu ajibu swali moja kwa mistari isiyozidi kumi: "Jirani yako, dereva wa tuktuk, anakuuliza afanye nini aokoke. Mjibu." Wasifungue Biblia wala wasinong'onezane. Kusanya, ukayasome usiku.

Utakuta karatasi zilizojaa orodha: pombe, muguka, uzinzi, kamari, mavazi. Kristo hayumo ukurasa mzima. Utakuta nyingine zinazosema "fuatisha sala hii nyuma yangu", basi, mtu kaokoka. Nyingine humwelekeza dereva kanisani kwao na saa ya ibada. Na kila darasa lina mmoja au wawili walioandika kitu safi kwa lugha nyepesi, na mara nyingi si wale wenye diploma. Hifadhi karatasi hizo, utazihitaji mwisho wa somo. Usizisome hadharani kwa majina.

Kuhusu sala ya kufuatisha, siipigi marufuku, lakini sikubali ifundishwe kuwa ndiyo njia. Wasomeshe Matendo 2. Petro amehubiri mpaka wasikilizaji wakachomwa mioyo, na ni wao waliouliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Swali lilitoka upande wa wasikilizaji. Mmisheni anayekimbilia sala kabla ya swali hilo kuulizwa anamwokoa mtu asiyejua anaokolewa kutoka wapi.

Hatua ya 2: Matini machache, yasomwe kwa sauti

Usiwape orodha ya mistari hamsini. Haya yanatosha somo zima: Luka 3:7-14, Luka 19:1-10, Zaburi 51, simulizi la Petro na Yuda katika Mathayo 26 na 27, Hesabu 21:4-9 pamoja na Yohana 3:14-18, Marko 9:14-29 na Matendo 20:17-21. Ukipata nafasi, ongeza Luka 15, ila yule kaka mkubwa asirukwe. Wanafunzi wa umisheni wanafanana naye kuliko wanavyofanana na mwana mpotevu.

Yasomwe kwa sauti, polepole, tafsiri za Biblia za Union Version na Habari Njema zikiwa mezani pamoja. Mwenye Agano Jipya la Kidigo au Biblia ya Kigiryama aje nayo, asome aya ileile, kisha aeleze kwa Kiswahili alichosikia. Wengi watakaowasikiliza huko mashambani watapokea neno kwa sikio, na Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Mwanafunzi asiyeweza kusoma Luka 19 kwa sauti mpaka watu wakacheka Zakayo anapopanda mkuyu, bado hajawa tayari kuifafanua.

Hatua ya 3: Toba yenye anwani

Anza na Yohana Mbatizaji. Makundi matatu yanamwuliza swali moja, "Tufanye nini?", na kila kundi linapata jibu lake. Makutano: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye vyakula vivyo hivyo. Watoza ushuru: msitoze kitu zaidi ya mlivyoamriwa. Askari: msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, mtoshewe na mshahara wenu. Waonyeshe kwamba Yohana hakumfukuza mtoza ushuru kazini. Alimwacha pale pale kwenye meza yake ya ushuru, ila atoze sawasawa.

Kisha wape zoezi: waandike Luka 3 ya Mombasa. Watu gani wangemjia Yohana leo pale Likoni? Askari wa trafiki, wakala wa M-Pesa, mwenye nyumba za kupanga Bamburi, karani wa bandarini, makanga wa matatu, mpishi wa hoteli ya ufukweni, dalali wa viwanja. Kila mmoja apewe jibu la sentensi moja, linaloweza kutendwa kabla ya Ijumaa. "Acha ufisadi" halikubaliki. "Rudisha hati ya kiwanja cha mjane uliyoizuia ukidai ada ambayo haipo" linakubalika.

Usiwaruhusu kufunga daftari kabla ya mtu wa mwisho kwenye orodha, yaani mmisheni mwenyewe. Darasa hunyamaza hapa, na unyamavu huo usiuvunje haraka. Wasaidie kwa maswali. Ni nani aliyewahi kuandika kwenye ripoti kwamba watu arobaini waliokoka, wakati waliinua mikono kwa sababu mhubiri aliwaambia wote wainue? Ni nani aliyempelekea mfadhili picha ya watoto wa kijiji ambacho hakufanya kazi? Ni nani aliyechangiwa nauli ya safari moja na makanisa mawili, na kila kanisa likadhani limelipa peke yake? Mwanafunzi akipita hapo salama, akalitaja jambo lake hata kama amelitaja moyoni tu, hatamtazama tena makanga kutoka juu.

Baada ya hapo nenda kwa Petro na Yuda. Wote wawili walianguka usiku uleule, wote wawili walijuta. Mwombe mwanafunzi aorodheshe ubaoni alichofanya Yuda baada ya kumsaliti Bwana: alijuta, alikiri waziwazi kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, alirudisha vipande thelathini vyote. Kwa vipimo vya makanisa yetu mengi huyu angepewa kipaza sauti Jumapili. Sasa uliza: aliipeleka toba yake kwa nani? Kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Petro naye hakurudisha kitu, alilia tu. Lakini alibaki na wenzake, na Yesu alipokuja alimkuta.

Ndipo usome 2 Wakorintho 7:10, huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia, nao wataielewa bila maelezo marefu. Tahadhari moja: darasani anaweza kuwepo mtu ambaye ndugu yake alijiua. Yuda asitumike kumhukumu marehemu wa mtu yeyote. Liseme hilo mapema, kwa ufupi, uendelee.

Hatua ya 4: Imani kwa mtu, si kwa nguvu ya imani

Walimu wengi wa Mombasa hutumia feri ya Likoni kueleza imani, nami pia. Kujua kwamba feri inavuka, kukubali kwamba ni kweli inavuka, na kuteremka ile njia ya kuingilia ukapanda: mambo matatu, na la tatu ndilo linalokufikisha ng'ambo. Mfano ni mzuri wa kueleza Yakobo 2:19, kwamba mashetani nao waamini na kutetemeka: wanajua, wanakubali, hawapandi. Lakini una dosari na wanafunzi waambiwe. Feri hukuvusha hata kama humjui nahodha wala humpendi. Ukiishia hapo utawapa watu tiketi ya mbinguni bila Bwana.

Kwa hiyo ingia Hesabu 21. Watu wameumwa na nyoka, sumu imo mwilini, na dawa waliyopewa ni kutazama nyoka wa shaba juu ya mti. Hawakuambiwa watazame kwa bidii kiasi gani. Aliyetazama akiwa na macho mazima na aliyetazama akiwa hoi, karibu kufa, waliishi sawa. Yohana 3:14 inamhusisha nyoka huyo na Mwana wa Adamu. Hapo ndipo umweke yule baba wa Marko 9 anayelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia akaongeze imani kwanza kisha arudi. Alimponya mtoto.

Wanafunzi wengi waliolelewa na mahubiri ya runinga watabisha. Wamefundishwa kwamba imani ina kipimo, kwamba asiyepona alipungukiwa, na kwamba kipimo hicho hupandishwa kwa kutuma sadaka kwenye namba ya till inayopita chini ya kioo. Usibishane nao juu ya wahubiri fulani. Fungua Waebrania 11 uwaombe waisome mpaka mwisho, maana hukariri mpaka aya ya 34 wakaacha. Kuanzia aya ya 35 wengine walipigwa mawe, walikatwa kwa misumeno, walizunguka wakiwa wamevaa ngozi za kondoo na za mbuzi, wahitaji, wenye kuteswa. Sura ni ileile, na hao nao wameshuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Waulize wangemwekea mikono mtu wa aya ya 37 wakamwambia amepungukiwa na nini.

Hatua ya 5: Ziunganishe mbele ya macho yao

Swali la ni ipi hutangulia, toba au imani, litakuja tu. Lipe dakika chache. Katika Matendo 20:21 Paulo anazitaja pamoja, kumtubia Mungu na kumwamini Bwana Yesu Kristo, na 1 Wathesalonike 1:9 inasema Wathesalonike walimgeukia Mungu wakaziacha sanamu. Mgeuko ni mmoja. Anayegeuka humpa kitu mgongo na kitu kingine uso kwa mwendo uleule. Ukiwaachia wajadili zaidi ya hapo, watajadili mpaka chai.

Badala yake leta darasani mikebe miwili ya gorogoro, ile ya kupimia nafaka sokoni, na kilo kadhaa za maharagwe. Mmoja uwe mzima. Wa pili uwe umegongwa kitako mpaka kikaingia ndani, kama unavyouona kwa baadhi ya wauzaji sokoni. Waonyeshe yote miwili kwa mbele: haina tofauti. Jaza mkebe mbovu mpaka ufurike, ufute juu kwa kiganja jinsi wanavyofanya wauzaji, kisha mimina yote ndani ya mkebe mzima. Patabaki nafasi juu. Mwite mwanafunzi aijaze kwa ngumi, ajue kwa mkono wake ni kiasi gani kinaibwa kila mkebe mmoja unapouzwa.

Sasa soma Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, halafu uanze kuuliza. Mwenye mkebe huu yuko kanisani kila Jumapili. Akisikia neno atubu vipi? Watasema anunue mkebe mzima. Sawa, anunue. Lakini ile ngumi ya maharagwe kwa kila mkebe, mara mauzo ya siku nzima, ndiyo iliyokuwa inalipa karo ya mtoto wa pili. Jirani yake wa meza bado anatumia mkebe mbovu na bei yao ni moja. Kesho karo italipwa na nani? Wanafunzi hukaa kimya, na hapo hawahitaji tena kuambiwa kwa nini Yesu alisema katika Marko 1:15 tubuni na kuiamini Injili kwa pumzi moja. Mkebe ulionyooka unahitaji Mungu wa kutegemewa.

Usiishie kwenye karo, maana utakuwa umerudi kwa panda mbegu kupitia mlango wa nyuma. Uliza swali la mwisho: na maharagwe aliyoiba miaka yote iliyopita? Wateja wengine wamehama, wengine wamekufa. Hawezi kuyalipa hata akitaka. Huo ndio mlango wa kuingilia msalabani, na usimpe mtu mwingine kipindi hicho. Fundisha mwenyewe.

Hatua ya 6: Kurudisha

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Walawi 6 inataka mtu arudishe alichotwaa na kuongeza sehemu ya tano. Wakati wa uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukafika Kenya, watu walijulikana kwa kurudisha walichoiba na kuomba msamaha uso kwa uso, na wazee wengi wa makanisa ya Kenya wamelelewa na kumbukumbu hiyo. Wanafunzi wa leo wanaijua kwa kusikia. Hapa toba hutoka mdomoni ikafika mfukoni, ndiyo maana nalitengea jambo hili muda mwingi kuliko walimu wenzangu wanavyopenda.

Wafundishe taratibu. Anayeungama aungame yake tu, asitaje washirika wake. Maungamo yaishie pale dhambi ilipofika: iliyotendwa kwa mtu mmoja iombewe msamaha kwa huyo mmoja, na ya moyoni ibaki kwa Mungu. Dhambi ya zinaa haitangazwi mbele ya mkutano, maana ushuhuda wa dakika tano unaweza kuvunja nyumba mbili. Aliyemwibia mwajiri amwendee na barua fupi na kiasi cha kwanza anachoweza, na mwalimu au mzee amsindikize akitaka. Asiyejua pa kurudisha, kama muuzaji wa maharagwe, asipewe bei ya kulipa kanisani. Kanisa likipokea pesa hizo kama fidia, tumefungua duka la msamaha.

Kuna mahali maungamo hayatoshi. Mwanafunzi au mtu wa kijijini akikiri kwamba amemdhuru mtoto, au mtoto akisema anadhuriwa, hilo si la kuombewa na kufunikwa. Linakwenda polisi na kwa ofisi ya watoto, na simu ya bure ya 116 ipo kwa ajili ya kuripoti na kuomba msaada. Wanafunzi walijue hilo kabla hawajasikia ungamo la kwanza, na wajue kuahidi siri kwa masharti: "Nitaitunza siri yako, isipokuwa kuna mtoto au mtu mwingine hatarini."

Hatua ya 7: Hirizi, waganga na makaya

Wengi wa wanafunzi watakwenda Kilifi, Kwale na Taita, na kila mmoja ana ndoto ya kuchoma hirizi. Wasome Matendo 19:18-19 taratibu. Waliochoma vitabu vya uganga Efeso walikuwa wenye vitabu, na walivileta wenyewe. Mmisheni hakuingia nyumba ya mtu. Kanuni ni hiyo: kitu ni cha mwenyewe, uamuzi ni wake, na moto anauwasha yeye. Mke aliyeokoka asichome kitu cha mume.

Vitu vya ukoo ni jambo jingine kabisa. Vigango, zile nguzo zinazochongwa kwa ukumbusho wa wazee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiryama, si mali ya kijana aliyeokoka jana hata kama ni za babu yake. Vingi vimeibiwa vikauzwa ng'ambo, na kijana anayeving'oa kwa jina la Yesu usiku anawafanyia kazi wezi. Misitu mitakatifu ya makaya, yaani maskani ya kale ya Mijikenda, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Mwongofu aulizwe yeye anamtegemea nani mvua isiponyesha na mtoto akiugua usiku. Toba yake iko katika jibu hilo, nguzo ziache zilipo.

Hatua ya 8: Jirani Mwislamu

Huwezi kufundisha toba na imani Mombasa ukamruka jirani Mwislamu, naye pengine anaijua toba kuliko mwanafunzi wako. Amefundishwa madrasa kwamba toba ina masharti: aache dhambi, ajute, aazimie kutoirudia, na kama ni haki ya mtu, airudishe. Amefundishwa nguzo sita za imani. Mwanafunzi anayekwenda kumwambia Mwislamu wa Mji wa Kale kwamba dini yake haina toba atachekwa, na atastahili.

Wafundishe waseme tofauti ilipo kweli: kwamba Mkristo anaamini msamaha umelipiwa kwa kifo cha Kristo msalabani, jambo ambalo jirani yake anafundishwa kwamba halikutokea. Waliseme kwa adabu, wakiulizwa, wakiwa wamekaa, si kwa spika nje ya msikiti. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dini, nao unamlinda mhubiri na anayehubiriwa sawasawa. Mji huu una kumbukumbu ndefu za imani iliyofungamana na utawala. Yusuf bin Hassan alilelewa Goa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akarudishwa Mombasa kutawala chini ya Wareno. Mwaka 1631 aliwageuka, akaiteka Ngome ya Yesu, na Wakristo waliokataa kuiacha dini yao wakauawa. Dakika kumi za kisa hicho ndani ya darasa zinafaa kuliko mhadhara mrefu wa kwa nini hatuwasukumi watu.

Kwa sababu hiyohiyo, unga wa msaada na mwaliko wa toba visitoke mkono mmoja siku moja. Huko Freretown, makazi ya Mombasa yaliyoanzishwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, wakazi walitegemea misheni kwa makao na kazi. Mtu akiitwa kutubu na yule anayemlisha, nani atajua jibu lake ni la nani?

Mipaka isiyovukwa

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya mia nne ikatolewa, ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Hakuna mwalimu wa toba hapa Pwani anayeweza kuendelea kana kwamba halikutokea. Wanafunzi waandike mipaka hii kwenye jalada la ndani la daftari: hakuna kumpangia mtu mfungo, mtoto, mjamzito na mgonjwa hafungi, hakuna anayeambiwa aache dawa za hospitali, ARV zikiwemo, hakuna anayeambiwa auze shamba, atoe watoto shuleni au akate ndugu zake, na mwalimu ambaye mafundisho yake hayawezi kuulizwa maswali mbele za watu aripotiwe kwa uongozi, hata kama mwalimu huyo ni wewe.

Hatua ya 9: Jumamosi ya Kongowea

Wapange wawili wawili, bila vipaza sauti, bila trakti, wavae kama watu wanaokwenda sokoni. Kazi ya saa mbili za kwanza ni kununua na kusikiliza. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, nikupimie?" Anunue, asaidie kubeba gunia ikibidi, aulize biashara ikoje. Asiyeulizwa kitu na mtu yeyote arudi bila kuhubiri, na asione amepoteza siku.

Akiulizwa, aeleze kwa dakika tano: Mungu ni nani, sisi tumekosa nini, Kristo amefanya nini, mtu aitikie vipi. Asitumie neno ambalo mama yule hatalitumia kesho akimsimulia jirani. Mwalimu apite akisikiliza kwa mbali, asiingilie hata mwanafunzi akikwama. Mkirudi, kila wawili wasimulie waliyosikia kabla ya waliyosema. Wanaoanza na "tuliwaambia" warudishwe mwanzo.

Kupima somo

Rudisha zile karatasi za siku ya kwanza. Kila mmoja asome jibu lake la zamani kimya, aandike jipya, kisha aje ofisini alieleze kwa mdomo huku wewe ukiwa dereva wa tuktuk mwenye maswali ya ukaidi: "Mimi nalipa faini za polisi kila siku, nikiacha kutoa kitu kidogo watoto watakula nini?" Mpe alama kwa mambo matatu: ametaja dhambi halisi, amemtaja Kristo na alichokifanya, na amekuacha uamue. Mikono iliyoinuliwa isihesabiwe popote. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, akawazika mke na binti yake mchanga miezi michache baadaye. Mwenzake Rebmann alikuja 1846 akabaki Rabai mpaka 1875, akiondoka karibu kipofu. Waongofu wao wa miaka mingi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Kwa fomu ya ripoti ya wafadhili wa leo wote wawili wangefutwa.

Mwanafunzi akikwama kwa Kristo, kwamba anataja dhambi vizuri lakini hana habari njema ya kusema, mrudishe Hesabu 21 na Yohana 3 peke yake kabla ya kumpeleka popote. Akikwama kwa dhambi, mrudishe kwa Yohana Mbatizaji na zoezi la Likoni.

Halafu yuko mwanafunzi ambaye katikati ya somo atakuja kukwambia, pengine jioni ukifunga darasa, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kutubu. Alikuja chuoni kwa sababu mchungaji alimpendekeza, au kazi ilikosekana. Msikilize mpaka amalize. Usimpigie mkuu wa chuo simu ya shangwe, usimfanye ushuhuda wa ibada ya Ijumaa, na usimfukuze. Mwondoe kwenye orodha ya Jumamosi ya Kongowea bila kueleza wenzake sababu, mpe Zaburi 51 na Luka 15 asome mwenyewe, na panga naye saa ya kukutana kesho yake, mahali pa wazi, yeye akiwa na haki ya kutokuja.